Shangazi Hilda na jina lake la vita

Shangazi yangu, mzaliwa wa Songea, alibatizwa Hildegarda. Nyumbani hakuna anayelitamka lote, ni Hilda tu. Siku niliyomweleza maana yake alicheka mpaka akatua kikombe chini. "Kumbe vita? Na padri alisema ni jina la mtakatifu!"

Padri hakudanganya, wala mimi sikudanganya. Katika Kijerumani cha kale hild ni vita, na gard ni ua au boma. Wazazi wa enzi hizo waliunganisha vipande viwili, pengine kimoja cha upande wa baba na kingine cha mama, bila kujali kama vikikaa pamoja vinaleta maana. Kwa hiyo "boma la vita" ni tafsiri ya kujipendezea. Lakini hild hiyohiyo imo ndani ya Matilda na Klotilda, na Gertruda naye amebeba mkuki. Ukiita mahudhurio ya kwaya ya parokia, umeita jeshi zima.

Malkia Hildegard, mke wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, alifariki mwaka 783 akiwa bado kijana, ameshazaa watoto tisa. Vitabu vingi vinamkumbuka kwa uzazi, basi.

Aliyelistahili jina ni Hildegard wa Bingen, Ujerumani, mtawa Mbenediktini aliyezaliwa mwaka 1098. Aliandika maono, tiba za mitishamba na nyimbo, na barua zake zilimfikia hata mfalme Friedrich Barbarossa. Mimi nampendea kisa cha uzeeni. Mwaka 1178, akikaribia miaka 80, wakubwa wa Kanisa wa mji wa Mainz walimwamuru afukue maiti ya mtu aliyezikwa katika makaburi ya monasteri yake, kwa kuwa eti alikuwa ametengwa na Kanisa. Hildegard alijua marehemu alipatanishwa kabla ya kufa. Akakataa. Adhabu ikawa watawa wasiimbe: sala zisomwe kwa sauti ya chini, milango imefungwa. Akawaandikia wakubwa hao kwamba wanaonyamazisha sifa za Mungu duniani watakosa nafasi kati ya waimbaji wa mbinguni. Adhabu iliondolewa mwaka 1179, na Septemba 17 mwaka huohuo akafariki. Hilo ndilo boma.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, wamisionari kutoka Ujerumani, walifika kwetu mwaka 1888, na misheni ya Peramiho, karibu na Songea, ikaanzishwa mwaka 1898. Ndiyo maana akina Hildegarda hawakosekani kusini. Ninachogombana nacho ni ule msemo wa wazee, "mtafutie mtoto jina la Kikristo", kana kwamba jina la bibi yake Mngoni lina kasoro. Hildegard lilikuwa jina la vita, likatakaswa na mwanamke aliyeishi nalo. Tena Roma ilimtangaza mtakatifu kwa Kanisa zima mwaka 2012 tu, shangazi akiwa ameshazeeka na jina lake.

Nilipomsimulia habari ya kaburi, shangazi, mwanakwaya wa miaka yote, hakucheka tena.

"Miezi yote hiyo," akauliza, "hawakuimba kabisa?"