Gemu isiyosubiri adhana: alama za Black Ops 7 zikisomwa kutoka Wete

Mpwa wangu wa Wete, kisiwani Pemba, ana miaka kumi na sita, na wiki hii amenipigia simu mara tatu kwa swali moja: "Mjomba, hii gemu ni mbovu kweli, au watu wameichukia tu?" Gemu yenyewe ni Call of Duty: Black Ops 7, iliyotoka tarehe 14 Novemba 2025. Ana haki ya kuuliza. Bei yake ya mwanzo ni dola 70, kiasi cha laki moja na elfu sabini za kwetu, na yeye amezidunduliza tangu sikukuu. Sasa kabla hajazitoa anakutana na mambo mawili yasiyopatana. Kwenye tovuti ya Metacritic, wachambuzi wanaolipwa kwa kazi hiyo wameipa wastani wa sitini na kitu kati ya 100. Wachezaji wa kawaida, ukurasa huo huo, wameipa chini ya 2 kati ya 10.

Sitini na kitu ni mwanafunzi aliyepita mtihani bila kusifiwa. Chini ya mbili ni aliyefukuzwa skuli. Haiwezekani mtoto mmoja akawa yote mawili, isipokuwa kama waliomsahihisha hawakusoma karatasi moja. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Na karatasi ya tatu, ile ya mtu anayecheza kisiwani kwa bando la simu na umeme wa kubahatisha, haikusahihishwa na yeyote.

Kwa wasioifuatilia: msururu wa Call of Duty ulianza 2003 na kwa muda mrefu sasa hutoa toleo karibu kila mwaka. Hili limetengenezwa na Treyarch na Raven Software chini ya Activision, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft Oktoba 2023. Ndani yake mna gemu tatu zilizofungwa pamoja: stori, mapambano ya mtandaoni baina ya wachezaji, na mazombi. Stori iko mwaka 2035, na shujaa wake ni David Mason. Waliocheza Black Ops II ya 2012 wanamjua. Sehemu kubwa ya stori ile iliwekwa mwaka 2025, mji umejaa ndege zisizo na rubani na mashine zinazojiongoza. Basi 2025 halisi imefika ikapita, na sisi bado tunahesabu tukuza (umeme wa kulipia kabla) ya elfu tano itatufikisha lini.

Nianze na stori, kwa sababu ndiko moto ulikowaka. Imetengenezwa ichezwe na watu hadi wanne kwa pamoja. Ukicheza peke yako inakubali, lakini wenzako watatu unawaona kwenye vipande vya filamu tu. Risasi zikianza wametoweka, na hakuna askari wa kompyuta wa kushika nafasi yao. Ni lazima uwe na intaneti muda wote, hata ukiwa pekee chumbani. Huwezi kuisimamisha. Ukitoka katikati ya misheni, unaanza misheni ile upya. Na ukiiacha padi ya kuchezea kwa muda bila kuigusa, mchezo unakuhesabu mtoro na kukutoa.

Wachambuzi wengi wa Marekani na Uingereza waliyataja haya, kisha hasira zao wakazipeleka kwingine: kwenye gesi inayowatia mashujaa maruweruwe, na mapambano na rafiki wa zamani aliyegeuka jitu refu kama nyumba. Mimi jitu halinisumbui. Tumelelewa na hadithi za majini, jitu moja zaidi halimtoi mtu barazani. Kisichosameheka ni kile walichokiita usumbufu wakasonga mbele.

Aliyekulia kwenye vibanda vya gemu vya Unguja anajua inavyokuwa wakati wa sala ya Magharibi. Adhana ikianza, mwenye kibanda hasemi mara mbili, sauti inazimwa, mtu anapiga kelele "posi!", na skrini inabaki na askari aliyeganda, mguu mmoja hewani. Watu wanakwenda kutia udhu. Wakirudi, kitufe kinabonyezwa na vita vinaendelea palepale. Kitufe kile kilikuwa makubaliano: gemu inajua kwamba una maisha mengine. Mama akikutuma mafuta ya taa, posi. Mgeni akibisha hodi, posi. Black Ops 7 haiyajui makubaliano hayo. Unarudi msikitini unakuta hupo.

Na kuna umeme. Wa visiwa hivi unapita chini ya bahari: Unguja unatokea Ras Kiromoni huko bara na kuibukia Fumba, na Pemba unatokea Tanga tangu 2010. Modern Warfare 2, gemu nyengine ya msururu huu, ilitoka Novemba 2009. Mwezi uliofuata njia ya umeme ya Unguja ikapata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Ile gemu niliimaliza katika giza lile. Palikuwa na mashine moja ya gemu, PS3, iliyoletwa na jamaa kutoka Maskati, na jenereta iliyowashwa saa mbili baada ya Isha, tukichangiana mafuta. Jenereta ikizimika katikati ya misheni tulilalama, mafuta yakatiwa, na tukarudi nyuma dakika tatu au nne, pale mchezo ulipojihifadhi wenyewe. Intaneti haikuwapo hata kwa dawa. Toleo la 2025, lenye ufundi usiolinganishwa na ule, halingeweza kuchezwa katika chumba kile hata usiku mmoja.

Hapa niwape watengenezaji haki yao, maana nao wana hoja. Kucheza stori na wenzako si uzushi wa mwaka jana. World at War ya 2008 iliruhusu watu wawili kuigawana televisheni moja, na Black Ops III ya 2015 iliwaruhusu wanne kupitia mtandao. Safari hii wamekwenda mbali zaidi: stori inakupeleka hadi Endgame, uwanja mkubwa wa mji wa kubuni wa Avalon wenye wachezaji 32, na bunduki unazozikuza kwenye stori zinahesabika kwenye sehemu nyengine zote za gemu. Ukiruhusu hesabu hizo zihifadhiwe kwenye mashine ya mtu nyumbani, wezi watazichezea usiku mmoja na kuingia mtandaoni na kila silaha. Kwa hiyo hesabu inawekwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, na seva haisimami kumngoja mmoja. Ni sababu ya kiufundi na inaeleweka. Lakini jibu lake lilikuwa rahisi: mpe anayetaka kucheza peke yake stori isiyohesabika popote, aicheze bila mtandao, asimamishe anapotaka. Hataiba chochote. Kwamba hilo halikufanywa kunaonyesha kuwa mtu huyo hakuwamo katika hesabu za mkutano.

Kutoka hapo twende kwenye kilichoiokoa ile sitini na kitu. Sehemu ya mtandaoni imesifiwa, na sifa hizo ni za haki. Ilifunguliwa na viwanja 16 vya sita kwa sita na viwili vikubwa vya ishirini kwa ishirini. Kubwa zaidi ni upangaji wa wachezaji. Kwa miaka wachezaji wamelalamikia mfumo unaowapima uwezo na kuwatia kila mara na wa kiwango chao, hata mchezo mmoja wa kustarehe baada ya kazi unakuwa fainali. Safari hii upangaji wa kawaida umelegezwa, uwezo hauangaliwi sana, na mechi ikiisha kundi halivunjwi. Unabaki na walewale, unalipiza, unataniwa. Kuna ubaraza fulani ndani yake. Mazombi nao wamerudi na kiwanja kikubwa kuliko walivyozoea, na wapenzi wa mazombi, watu wasioridhika upesi, wameridhika.

Sasa lichukue hilo lote ulivushe bahari mpaka Wete. Seva ziko ng'ambo. Kwa faiba ya mjini Unguja, usiku wa manane, mtu anaweza kucheza bila aibu. Kwa bando la simu lililorushwa kwenye mashine ya gemu, unapigwa risasi na mtu ambaye kwenye skrini yako bado hajatoka nyuma ya ukuta. Kabla ya hapo kuna kupakua zaidi ya GB 100, na diski haikuponyi: diski ya Modern Warfare II ya 2022 (si ile ya 2009) ilikutwa na MB 70 hivi tu, vilivyobaki vyote vikatakiwa mtandaoni. Ndiyo maana nasema wastani wa wachambuzi ni wa kweli na haumsaidii mpwa wangu. Umechanganya stori dhaifu na mtandao mzuri ukapata katikati. Yeye hana katikati. Kinachopandisha alama hakimfikii, na kinachozishusha ndicho alichokusudia kununua.

Je, wale wa chini ya mbili ndio waliosema kweli? Hapana, na hapa sitaki kuwabembeleza. Alama za wachezaji Metacritic hazihitaji uthibitisho kwamba umenunua. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 10 Oktoba, mshindani wa siku nyingi, Battlefield 6, alikuwa ametoka, na EA, kampuni inayoitoa, ikatangaza nakala zaidi ya milioni 7 ndani ya siku tatu. Kuanzia hapo ikawa Simba na Yanga. Nimesoma maoni ya watu waliotoa sifuri, na ukiyafuatilia unaona mtu anashangilia timu yake. La kuchekesha ni kwamba stori ya Battlefield 6 nayo ilipondwa na wachambuzi, kwa hiyo anayekimbilia huko kwa ajili ya stori amebisha mlango usio wake. Gemu inayofunguka, inayolenga sawasawa na yenye viwanja 18 siku ya kwanza haiwezi kuwa moja kati ya kumi.

Ila palikuwa na hasira moja ya haki iliyojificha ndani ya kelele: zile kadi za picha ambazo mchezaji hupewa kama zawadi. Watu waliziangalia wakasema zimechorwa na akili mnemba, nyengine kwa kuiga katuni za Kijapani. Activision haikukana, ilijibu kwamba hutumia zana mbalimbali za kidijitali, zikiwemo za akili mnemba, kuwasaidia wasanii wake. Anayepita maduka ya Mji Mkongwe anaijua hali hii bila kuelezwa. Kuna picha aliyoinamia mchoraji siku nzima, na kuna iliyotoka kwenye printa ikapakwa vanishi juu, na mgeni anatajiwa bei moja. Mchoraji akikuona umeigundua hugombi naye sana, kila mtu ana watoto. Lakini huyu wa dola 70 ana wachoraji kwa mamia.

Kuna jambo ambalo wachambuzi hawalipimi kabisa na hapa kwetu linapimwa kabla ya picha. Mwaka 2012 kiwanja kimoja cha Modern Warfare 2 kiliondolewa kwa muda baada ya Waislamu kuonyesha kwamba maneno ya Mtume, "Allah ni mzuri na anapenda uzuri", yaliandikwa kwenye fremu iliyotundikwa chooni. Mwaka 2021, katika toleo la Vanguard, kurasa za Msahafu zilikutwa zimetapakaa sakafuni na kampuni ikaomba radhi. Wazee wa hapa wanaosema gemu hizi ni za kumfundisha mtoto kumpiga Mwarabu hawakuota. Kwa mizani hiyo Black Ops 7 ni nyepesi: adui ni kampuni ya teknolojia inayouza usalama kwa kuitia dunia hofu, na vita vingi viko Avalon, mji usiopo kwenye ramani. Dada yangu, ambaye alama za Metacritic hazimhusu, hilo peke yake lingemtosha kuiruhusu sebuleni.

Kwa nini ikateremka namna hii wakati Black Ops 6 ya Oktoba 2024 ilipata zaidi ya themanini? Ukiangalia nyuma unaona alama ya mguu. Modern Warfare II ilitoka 2022 na Modern Warfare III ikaifuata 2023, ikapata alama za chini kuliko gemu zote kuu za msururu huu. Black Ops 6 ikatoka 2024, Black Ops 7 ikaifuata 2025, nayo ikaanguka. Mara mbili jina moja limerudiwa mwaka unaofuata, mara mbili limeporomoka. Disemba 2025 Activision yenyewe ilitangaza kwamba haitatoa tena Black Ops wala Modern Warfare miaka miwili mfululizo. Sijui kama ni wachambuzi waliosikilizwa au ni mahesabu ya mauzo, na kwa mpwa wangu yote sawa.

Nimemjibu jana. Nimemwambia gemu si mbovu, lakini si yake. Kama angekuwa na binamu watatu wenye faiba ningemwambia anunue leo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza huyo David Mason alianzaje. Diski ya Black Ops II nimeiona Darajani kwa elfu kumi na tano, haitaki mtandao, na ina posi. Ile PS3 ya Maskati ipo kwao, juu ya kabati la mama yake, padi moja imeng'oka kitufe. Nimemwambia aitafutie waya.