9600 ambayo si 9600

Nilinunua kipimajoto cha mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, kinaongea na kompyuta kwa waya wa siriali (unaotuma biti moja moja), kasi biti 9600 kwa sekunde. Rahisi, ama? Nikaandika 9600 kwenye programu yangu ya lugha ya C. Linux yangu, mfumo endeshi wa kompyuta, toleo la zamani kidogo, ikakataa katakata. Kumbe inataka B9600, jina ambalo thamani yake ndani ni 13. Kumi na tatu, jamani! Na B115200, ya kasi 115200? 4098. Wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine kama Linux, B9600 yao ni 9600 tu, wamelala saa hizi. Halafu ole wako uweke B0: hiyo haimaanishi polepole, inamaanisha kata laini ya mawasiliano. Saa nane usiku nikapata kosa, nikarekebisha, nikabonyeza kitufe. Stima ikapotea mtaa mzima wa Umoja.