Presha ya jicho katika upasuaji wa leza: sekunde chache zinazoogopwa na miaka inayosahaulika

Katika LASIK, upasuaji wa leza unaorekebisha uoni kwa kuchonga konea (utando angavu wa mbele ya jicho), kabla ya konea kukatwa kifuniko chembamba, jicho hushikwa na pete inayolinyonya lisicheze. Presha ya ndani, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, inaweza kupanda kupita 65, na mgonjwa huona giza kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wanaopinga upasuaji huu husimama hapo, na kwa mtu ambaye neva ya jicho lake imekwisha kudhoofika hoja yao ina uzito. Kwa jicho lenye afya, hata hivyo, mnyonyo wa kisu cha kawaida hauchukui dakika nzima, na uoni hurejea pete inapoachiliwa.

Jambo zito zaidi huja baadaye, na wanaolisema hawasikilizwi vya kutosha. Kipimo cha Goldmann, kinachotegemewa na kliniki nyingi, hukandamiza konea na kuchukulia kwamba unene wake ni kama mikromita 520, yaani nusu milimita hivi. Mtu mwenye miwani ya diopta 6 za kutoona mbali huondolewa na leza takriban mikromita 72 za konea katika eneo la upana wa milimita 6, na kifuniko kilichorudishwa hakibebi tena mzigo kama zamani. Konea hiyo hukandamizika kwa urahisi, kwa hiyo kipimo husoma chini ya ukweli, na hakuna hesabu moja inayoweza kusahihisha kosa hilo kwa kila jicho. Hata matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) anayopewa baada ya upasuaji yanaweza kupandisha presha, maji yakajikusanya chini ya kifuniko, na kipimo kikaendelea kuonyesha namba ndogo.

Sasa mtazame mtu huyo akiwa na miaka 45. Kutoona mbali kwa kiwango kile kulimweka tangu mwanzo karibu zaidi na glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho na unaochochewa na presha ya juu, na akiwa Mwafrika hatari huongezeka, kwani kwetu ugonjwa huu hutokea zaidi na huanza mapema. Havai miwani, hataji upasuaji, anapimwa 15, anaambiwa yu salama. Glakoma haiumi, na uoni iliokwisha kuuchukua haurudi.

Kwa hiyo sioni sababu ya mwenye macho mazima kuukimbia upasuaji kwa hofu ya pete. Ninaona sababu kubwa ya kukataa kuondoka kliniki bila karatasi yenye presha yake ya awali, unene wa konea yake kabla ya leza, na picha ya neva ya kila jicho, aionyeshe kwa kila daktari atakayempima maisha yake yote.