Udogo sio ulioiua Urziceni

Nikiitaja Unirea Urziceni, klabu ya Romania iliyowahi kuwa bingwa, mbele ya wapenzi wa soka, jibu huwa lile lile: timu ya kijijini, ilibahatisha, ikarudi ilikotoka. Nakataa. Ligi ya mechi 34 haibahatishwi.

Urziceni ni mji wa mkoa wa Ialomița, Romania, kilomita kama 60 kutoka Bucharest, na wakazi wake hawafiki 20,000. Klabu ilianzishwa 1954, ikasota madaraja ya chini kwa nusu karne hadi ilipopanda Liga I, ligi kuu ya Romania, mwaka 2006. Mwaka huo huo akaja kocha Dan Petrescu, beki wa zamani wa Chelsea, na watu wakaibatiza timu Chelsea ya Ialomița. Mwaka 2009 ikabeba ubingwa, vigogo wa Bucharest, Steaua na Dinamo, wakitazama.

Kisha Ligi ya Mabingwa. Tarehe 20 Oktoba 2009, Ibrox, uwanja wa Rangers ya Scotland, wenyeji wanapata bao mapema kabisa, uwanja unalipuka. Hapo ndipo timu ngeni huvunjika miguu. Hawa walitulia, wakapiga pasi zao, Marius Bilașco akasawazisha, na kipenga cha mwisho kilipolia ubao ulisoma 1-4. Sevilla nao wakalala 1-0 Romania. Mechi ya mwisho ya kundi, ugenini Stuttgart, Ujerumani, sare tu ingewavusha hatua ya mtoano. Wakaruhusu mabao matatu ndani ya dakika 11 za kwanza! Bado ile mechi inaniuma. Wakamaliza wa tatu kwenye kundi kwa pointi 8, juu ya Rangers.

Ila kuna linaloniuma zaidi ya Stuttgart. Mechi zile za nyumbani hazikuchezwa nyumbani. Zilipelekwa Ghencea, uwanja wa Steaua, Bucharest. Aliyeishabikia Unirea tangu ikicheza madaraja ya chini, mvua ikimnyea, ilibidi asafiri hadi mji mkuu kuiona timu yake ikiwa mwenyeji.

Petrescu akaondoka mwisho wa 2009 kwenda Urusi. Wachezaji wakatawanyika, wengine Steaua. Tajiri mwenye klabu akaacha kutia fedha, timu ikashuka daraja 2011, na klabu ikavunjwa. Hata miaka miwili haijatimia tangu Ibrox.

Msiniambie ni udogo. Villarreal, Hispania, ni mji wa watu kama 50,000, na 2006 timu yake ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nao wana tajiri wao, lakini wamejenga akademia, na uwanja uko pale pale mjini. Kwangu mimi, tajiri ana haki ya kuchoka na kuondoka na pesa zake. Jina la timu, rangi zake na nafasi yake kwenye ligi vingepaswa kuandikwa kwa jina la mji, ili siku akichoka, Urziceni wabaki na timu yao, hata kama ni ya daraja la nne, ikicheza Jumamosi kwenye uwanja wao wenyewe.