Mkakati wa akili unde umfuate fundi hadi kwenye cherehani yake

Ukitaja Ujerumani, watu nyumbani Kenya huwaza roboti. Mimi niko huku, stoo ya kiwanda kidogo cha vipuri vya pampu, na hadi majuzi kila hati ya mzigo tuliitoboa matundu mawili tukaifungia kwenye faili. Makabati yalijaa ukuta mzima. Faksi ilikuwa bado inalia.

Kisha akaja mshauri kutoka mojawapo ya vituo vya Mittelstand-Digital, ambavyo serikali kuu hugharamia ili kampuni ndogo zishauriwe bure. Siku ya kwanza hakutaja akili unde (AI) hata mara moja. Alivuta faili moja, akaniuliza, "Mteja akilalamikia kipuri cha miaka mitatu iliyopita, karatasi yake unaipata baada ya muda gani?" Nikamjibu, nikiwa na bahati, nusu saa. Akaandika. Akarudi mara tatu. Siku hizi programu inazisoma hati zenyewe, nami nasahihisha inapokosea. Huchanganya 1 na 7, maana 1 ya mkono wa Mjerumani ina mkia mrefu ajabu.

Hicho ndicho kipande cha mkakati wao wa akili unde wa 2018 nilichokiona kwa macho yangu. Yale mabilioni 5 ya euro yaliyoahidiwa hadi 2025 nayasoma magazetini tu, kama ninyi. Na wasijisifu sana: kwa hesabu za 2024 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, miongoni mwa kampuni zenye wafanyakazi 10 au zaidi, ni takriban moja kati ya tano iliyokuwa ikitumia akili unde hapa. Denmark walishavuka robo.

Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Nguzo zake ni miundombinu ya kidijitali, data, na utafiti na ubunifu. Sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni nani atakayevuta kiti akae kando ya dada yangu, anayeshona sare za shule na wasichana wanne. Mwaka jana aliitwa semina ya akili unde, siku mbili, hotelini. Alirudi na cheti, kalamu na fulana. Nikamuuliza amejifunza nini. "Kwamba dunia inabadilika," akasema, tukacheka wote.

Kinachoniuma ni kwamba huyu ametutangulia sisi wa Ujerumani. Wateja wanamlipa kwa M-Pesa, ambayo iko tangu 2007. Oda zinaingia kwa WhatsApp, ankara anatoa kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya. Hapa Ujerumani kampuni zimelazimika kuwa tayari kupokea ankara za kielektroniki tangu Januari 2025 tu! Mauzo yake ya miaka yote yamo kwenye simu: shule ipi huagiza lini, saizi ipi hudoda, nani hulipa kwa kuzungushana. Hata hivyo kila mwisho wa mwaka ananunua kitambaa kwa kukisia, na kufika Machi amekalia marobota ya rangi ambayo hakuna anayeiuliza.

Serikali yetu ikitaka kulazimisha, inaweza. eTIMS ilikuja na sheria na tarehe. Kusaidia ndiko hatujazoea. Utafiti wa 2016 ulihesabu biashara ndogo zaidi ya milioni 7, nyingi hazina leseni, kwa hiyo hakuna anayetarajia mshauri abishe kila mlango. Lakini washauri wachache katika kila kaunti, wakianza na kazi moja, tuseme washonaji, wangejua baada ya msimu mmoja maswali ambayo hotelini hayaulizwi. Pesa za kwanza ningezipeleka huko, kabla ya semina yoyote.

Dada ameniomba nikija Desemba nimfanyie "ile kitu ya Mjerumani wako." Nikamwambia aanze kwa kuomba taarifa zake zote za M-Pesa. Zimeshafika kwenye barua pepe, kurasa juu ya kurasa, na namba ya siri ya kuzifungulia ameshaipoteza.