Mwanao "ameteuliwa"? Uliza kwanza nani analipa

Barua ilifika Januari. Karatasi nzito ya rangi ya maziwa, muhuri wa dhahabu chini, jina la binti yangu limeandikwa kwa mwandiko wa kujipinda kama kadi ya harusi. Ameteuliwa, ilisema, kuhudhuria programu ya majira ya joto ya viongozi wa kesho, katika chuo kikuu ambacho jina lake linajulikana hadi kwetu Muheza, Tanzania. Mke wangu akaipiga picha na kuitupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Hatujamaliza kula, hongera zimeshapita arobaini, na shangazi mmoja anauliza mchango utumwe kwa namba ipi.

Bei ilikuwa ukurasa wa tatu.

Tunaishi Columbus, Ohio, na wiki ile niligundua kwamba wateule walikuwa wengi mtaani kwetu. Mtoto wa jirani aliteuliwa. Rafiki yake, ambaye alama zake zinamnyima mama yake usingizi, naye aliteuliwa. Jina la mtoto lilikuwa limeingia kwenye orodha ya anwani, basi. Na kampuni iliyoandika barua haikuwa chuo. Ilikuwa inakodi vyumba vya chuo wakati wa likizo. Maandishi madogo yalisema hivyo, kwa anayeyasoma.

Biashara yenyewe haina siri. Kuanzia Juni hadi Agosti wanafunzi wengi wanarudi makwao na mabweni yanabaki matupu, na nyumba tupu nayo inadai umeme, mlinzi na fundi bomba. Vyuo vimelijua hilo zamani. Harvard wana shule ya majira ya joto tangu mwaka 1871. Siku hizi wiki mbili za mwanafunzi wa sekondari pale huvuka dola 5,000, nauli haijaingia humo. Kwa fedha hiyo hapa Ohio unalipa karibu ada ya mwaka mzima katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha kozi za miaka miwili.

Sisemi ni utapeli. Walimu wapo, vitabu vinasomwa, chakula kinalika. Kinachoniudhi ni kile mzazi anachodhani amenunua. Anadhani mtoto akishalala Harvard wiki mbili, Harvard watamkumbuka. Hawatamkumbuka. Vyuo vyenyewe vinaeleza kwamba kuhudhuria programu hizi si tiketi ya kudahiliwa. Mgeni aliyelipia chumba hotelini hawi mwana wa familia yenye hoteli.

Mtoto wa kaka yangu alikwenda moja ya hizo, wiki tatu, baba yake akiwa amekopa. Nimkumbuke kwa haki: alirudi na fulana mbili, rafiki wa Istanbul ambaye bado wanaandikiana, na uhakika kwamba sheria aliyokuwa akiiota tangu darasa la sita hataiweza. Hilo la mwisho lina thamani, nakubali. Ila kaka yangu alimaliza kulipa ule mkopo kijana akiwa tayari mwaka wa pili wa uhandisi.

Kipimo changu siku hizi ni kimoja: nani analipa? Programu inayokutaka kwa akili yako mara nyingi inakulipia. Research Science Institute, iliyoanza 1984 na siku hizi inafanyika katika chuo cha MIT, ni wiki sita za utafiti na hutozwi ada wala malazi. Shirika la Telluride nao wana semina za majira ya joto kwa vijana wa sekondari, masomo, chumba na chakula vyote juu yao. Kuingia huko ni shughuli, insha juu ya insha, na wengi wanakataliwa. Kukataliwa kunakotokana na mtu kusoma kazi yako kuna heshima kuliko kuteuliwa na kompyuta.

Binti yangu aliomba moja ya hizo. Alikataliwa.

Ndipo mama mmoja Mkongomani tunayesali naye akanishika mkono baada ya ibada: "Baba, kwani mtoto hajaandikishwa College Credit Plus?" Nikamwambia siijui. Akanitazama kama mtu aliyekaa kando ya kisima akilia kiu. Watoto wake watatu wameipitia. Ni utaratibu wa jimbo la Ohio, upo tangu 2015: mwanafunzi wa kuanzia darasa la 7 hadi la 12 anasoma kozi halisi za chuo, na akiwa wa shule ya umma anayekwenda chuo cha umma, halipi ada wala vitabu. Majira ya joto pia yamo. Unachotakiwa ni kuwasilisha fomu ya kusudio kabla ya tarehe 1 Aprili. Nilipotafuta kwenye barua pepe zangu nikakuta shule ilishanitumia maelezo. Nilikuwa nimeyafuta bila kuyasoma. Ya dhahabu niliisoma mara nne.

Binti yangu akachukua somo la takwimu, Columbus State, chuo cha jamii cha hapa mjini, wiki nane. Asubuhi anapanda basi la COTA na chakula chake kwenye kopo. Darasani mwake kulikuwa na muuguzi msaidizi aliyetoka zamu ya usiku, dereva wa lori wa miaka hamsini na kitu, na msichana mwenye mtoto mchanga. Hakuna aliyemwita kiongozi wa kesho. Jaribio la kwanza alipata 52. Alikaa jikoni bila kuwasha taa, na mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa sababu mtoto akifeli wilaya ya shule inaweza kukudai gharama, na alama inabaki kwenye kumbukumbu zake za chuo moja kwa moja. Hiyo ndiyo tofauti yake na kambi ya kulipia, ambako sijasikia aliyefeli.

Yule dereva wa lori ndiye aliyemwonyesha kwamba mwalimu ana saa za kukaa ofisini kusubiri wanafunzi. Alikuwa hajui. Wiki ya nane akatoka na B.

Wanaonisoma kutoka nyumbani mtasema haya ni ya Marekani. Barua za namna hii zinafika hadi huko, kwa barua pepe, na hapo ongezeni dola 185 za maombi ya viza ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Kalenda nayo haisaidii: Juni aliyemaliza kidato cha sita anaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, Julai kidato cha tano kinaanza. Kijana mwenye nafasi ni yule aliyemaliza kidato cha nne Novemba, na huyo tumeshamtia kwenye tuisheni ya pre-form five. Kama anataka kuonja chuo cha nje, aanze na Yale Young African Scholars: inafanyika humuhumu Afrika, haina ada, na wanaochaguliwa wamechaguliwa kweli.

Bibi yake Muheza anawaambia watu kanisani kwamba mjukuu wake alisoma chuo akiwa na miaka 16. Safari hii sikumsahihisha.