Ziara Binafsi

Ukimwona mtu mzima anatoa 80,000 mfukoni ili aonyeshwe mji anaokaa mwenyewe, usimcheke. Muulize kwanza kama ana mama mkwe.

Mimi nimekaa Dodoma mwaka wa nane sasa. Nilikuja 2017 nikiifuata wizara, godoro juu ya fuso, na tangu siku hiyo Dodoma yangu ni Nkuhungu ninakolala, Mtumba ninakofanyia kazi, na genge la Mama Koku ninakodaiwa. Mlima Simba nauona kila asubuhi kwenye dirisha la daladala. Sijawahi kuudai kitu, nao haujawahi kunidai. Tulikuwa tunaishi vizuri.

Tatizo ni treni. Zamani mama mkwe wangu alikuwa mbali kwa heshima zote. Basi kutoka Dar lilikuwa linakula siku nzima, mtu anashuka miguu imevimba kama andazi, kwa hiyo alikuja kwa misiba na harusi tu. Mwaka 2024 wakaleta treni ya umeme. Nauli 31,000, saa tatu na nusu mtu yuko Dodoma na khanga haijapata hata mkunjo. Hadharani mimi naisifu sana miundombinu. Usiku nikilala ndipo najiuliza kama waliochora ile reli waliwahi kuoa.

Kafika Ijumaa jioni. Shikamoo, marahaba, akaletewa chai. Akanywa funda moja, akaweka kikombe chini taratibu.

"Baba Hamisi, kwenu sukari inaitwaje?"

Nikamweleza kwamba ni maji yetu, ya visimani, yana chumvi kidogo, ukikaa unazoea. Akaniangalia kwa huruma.

"Chumvi mnayo. Bahari hamna."

Kisha akatangaza kwamba kesho atembezwe. Anataka mlima na anataka mji, vyote viwili, kwa sababu mwenzake wa Mbagala alikwenda Lushoto akaweka picha kwenye stetasi wiki nzima. Mke wangu akakumbuka palepale kwamba Jumamosi ana kikoba. Mimi sikukumbuka chochote. Mwanaume akili yake huchelewa.

Mtaani kwetu kuna kijana mwenye Noah. Siku za kazi anapakia abiria, wikiendi anakuwa kampuni ya utalii. Akanitumia ujumbe: ziara binafsi, nusu siku, mlima, mji, zabibu na kuonja mvinyo, gari ni lenu peke yenu, 120,000. Nikamshusha mpaka 80,000. Nikamwambia mama mkwe wangu ni hajati, hapo kwenye mvinyo patoe, upunguze hela. Akasema mvinyo ni ofa, ofa haina bei. Nikamuuliza, kama haina bei, mbona ulipoitaja bei ilipanda? Akaniwekea kile kikatuni cha mikono miwili imeshikana.

Lakini ukweli ni kwamba kilichoniua ni neno binafsi. Nimekulia nyumba ya vyumba viwili, watu kumi na moja. Kitu binafsi pekee nilichowahi kumiliki ni mswaki, na hata huo kuna asubuhi niliukuta umelowa. Nikajiona nimekaa kiti cha mbele, kioo nimeshusha, gari zima langu.

Tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua. Alifika saa mbili kasoro. Ndani ya gari langu peke yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo amekumbatia kiroba cha mtama, binti wa chuo na ndoo mbili, na fundi ambaye mabati yake matatu yalikuwa yamefungwa juu ya keria.

Nikamvuta kijana pembeni. "Si ulisema binafsi?"

"Ni binafsi, mzee. Hawa ni wangu binafsi."

Mle ndani yule mama wa kiroba, kumbe ni shangazi yake, Mgogo wa Bahi, akatusalimia, "Mbukwenyi!" Mama mkwe wangu hakubabaika. Akajibu, "Waalaikumsalaam," akaingia, akasogezewa nafasi, na baada ya dakika tano walikuwa wanazungumzia figo. Hamisi, mwanangu wa miaka tisa, akapakatwa na ndoo.

Safari ya kwanza ikawa kumshusha binti. Kijana akageuza sauti ikawa ya redio: "Kulia kwenu ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilianzishwa 2007, majengo yake yamesambaa kwenye vilima vyote hivi mnavyoviona." Binti akashuka na ndoo zake, tukaambiwa hapo tumeshatembelea chuo kikuu. Ya pili ikawa mabati. Mabati yalikuwa yanakwenda njia ya Mtumba. Nikaanza kusikia baridi.

"Na huu sasa ndio Mji wa Serikali!" akasema kijana kwa furaha.

Nimelipa 80,000 nikapelekwa kazini Jumamosi.

Nikajishusha kwenye kiti mpaka magoti yakagusa dashibodi, kwa sababu kuna watu wa idara yangu hawana wikiendi, na faili ninalodaiwa nilikuwa nalipiga chenga kwa maneno tangu Jumatano. Mama mkwe akafungua kioo. "Baba Hamisi! Kuna mzee mwenye mwavuli pale getini anakupungia! Mpungie!" Nikapunga mkono bila kuonyesha kichwa. Najua Jumatatu nitaulizwa ule mkono ulikuwa wa nani.

Njiani kurudi mjini ndipo mama mkwe alipofungua kitabu chake cha historia. "Mwaka 1973 nilikuwa msichana, tunasikia redioni Serikali inahamia Dodoma. Nikaolewa, inahamia. Nikazaa sita, inahamia. Huyu wa mwisho kaja kuolewa na wewe, ndipo wakahama kweli, wakamchukua na mwanangu." Shangazi akacheka mpaka kiroba kikatikisika. Akasema jina lenyewe la mji ndilo lenye maneno: wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope, akawa amedidimia, *idodomya*. Mama mkwe akatafakari.

"Kumbe kukwama kulikuwepo kwenye jina."

Mlima tuliufikia saa nne na nusu. Kama hujawahi kuliona jua la Dodoma la mwezi wa tisa, halikai angani, linashuka kukuuliza unakwenda wapi. Upepo nao unakutupia vumbi mdomoni ukitaka kujibu. Mibuyu imesimama bila jani hata moja, kama watu waliosikia bei ya kiwanja Iyumbu.

"Huu Mlima Simba, simba wapo?" akauliza mama mkwe.

"Hapana mama, ni umbo la jiwe tu. Jina."

"Simba jina. Binafsi jina. Haya twende."

Sasa hapa wasomaji mliooa mnisaidie. Kwenye njia nyembamba ya mlimani, mkwe anakaa wapi? Nikitangulia, nimempa mama mkwe mgongo, na si mgongo wa kusimama, mgongo wa mtu anayekwea, nadhani mnanielewa. Nikibaki nyuma yake ndiyo hatari zaidi. Ubavuni hakuna nafasi, kuna miiba. Nikasimama pale chini nageukageuka kama bajaji kwenye kipilefti. Yeye alishaelewa zamani.

"Tangulia baba. Ukidondoka nikuone."

Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ofisini kwa sababu niliambiwa ni ziara. Soli yake kwenye jiwe ni sabuni. Mama mkwe, miaka sitini na kitu, alikuwa na yeboyebo za kijani na khanga ameifunga kibwebwe, na nyuma yangu nilikuwa nasikia yeboyebo zile, twa, twa, twa, hazipumziki, halafu zinasimama. Zinasimama kwa sababu mimi nimesimama. Nikawa najifanya naangalia mandhari. Kila mwamba nikausifia. Mahali pamoja nimesifia kichaka kwa dakika nne.

"Baba Hamisi, hicho kichaka unakinunua?"

Kijana kuona napumua kwa mdomo akaamua kunipa moyo kwa elimu. Akasema mji wenyewe upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana hewa ni nyepesi. Mama mkwe akauliza tena, mita ngapi? Akapiga hesabu. "Kwa hiyo mimi nimepanda mita 1,100 na treni jana, nimekaa kwenye kiti, nakula korosho? Basi kilichobaki hiki ni kibaraza." Akanipita. Nawaambia alinipita, pale penye jiwe pana, na adabu yote ya ukwe ikaisha hapo hapo, maana mimi nilikuwa nimekaa chini.

Kwenye majabali tukaona pimbi wawili wameota jua, wanatuangalia kama wazee wa baraza. Kijana akasema hao wadogo ndugu yao wa karibu ni tembo. Nikadhani ananitania, lakini Hamisi akasema hata mwalimu wao wa sayansi kawaambia hivyo. Mama mkwe akamtazama pimbi, akasema, "Kila ukoo una aliyefanikiwa." Akanitazama na mimi. Sijui kwa nini akanitazama na mimi.

Kileleni, lazima niseme kweli, nilinyamaza. Si kwa kukosa pumzi tu. Unaona mabati ya Chang'ombe yanawaka, unaona Bunge, unaona mnara wa msikiti, kwa mbali majengo ya chuo meupe kama vipande vya sukari, na barabara yangu ya kila siku ni uzi mmoja mwembamba wenye vidudu vinavyotambaa. Miaka minane nimekuwa kidudu kwenye uzi ule. Nikasimama pale upepo unanipiga kwenye jasho, nikataka kusema jambo.

"Bahari iko upande gani?" mama mkwe akauliza.

Tukamwonyesha mashariki. Akageukia huko, akapiga simu ya video Mbagala, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Kondoa: "Mwanahawa! Lushoto ilikuwa na Bunge? Mimi nimesimama juu ya Bunge!"

Kushuka sitasimulia. Suruali imekwenda kwa fundi.

Mjini kulikwenda haraka. Adhuhuri mama mkwe akaswali Msikiti wa Gaddafi, ule uliojengwa kwa fedha za Libya ukafunguliwa 2010, akatoka amefurahi, akasema angalau kuna mahali pana kivuli. Bungeni tukapita kwa nje. Alitaka kushuka akamwambie mbunge wake habari ya mtaro, tukamwambia leo Jumamosi, akasema mtaro haujui Jumamosi. Nyerere Square tukapiga picha na sanamu ya Mwalimu, mama mkwe akaisogelea akaiambia kitu taratibu, sikusikia, ila nilisikia "1973". Kijana akaona achangamshe, akaeleza kwamba tarehe 26 Aprili 2018 watu walikwenda uwanja wa Jamhuri wakiwa wakazi wa manispaa wakarudi nyumbani wakiwa wakazi wa jiji. Hilo nalikumbuka. Mwenye nyumba wangu alikuwa uwanjani.

Zabibu tukanunua barabarani. Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na muuzaji alituambia hivyo kama vile zote mbili kazivuna yeye peke yake. Mama mkwe akaonja tano kabla hajauliza bei. Mvinyo tulipita mbele ya bango lake, kijana akapunguza mwendo kidogo, akaniangalia, akasema, "Hapo ndipo kwenye ofa," akaongeza mwendo.

Kilichobaki kilikuwa kiroba cha shangazi, na kiroba kilikuwa kinakwenda mnadani Msalato, na Jumamosi ndiyo siku ya mnada. Moshi wa nyama unauona kabla hujaona watu. Nikasema hapa sasa nitakula hela yangu. Nimeagiza mbavu za mbuzi na ndizi, ndiyo kwanza nachovya kwenye chumvi, Hamisi akaja mbio: "Baba, bibi kanunua mbuzi."

Nikajibu hata mimi nimenunua.

"Wa kwake anatembea."

Wa kahawia, ndevu, jicho moja lina dharau. Muuzaji alianza na 120,000, mama mkwe na shangazi wakamshambulia kwa lugha mbili mpaka 90,000. Mkoba wa mama mkwe ulikuwa umebaki nyumbani, kwa hiyo nikalipa mimi, atanirudishia. "Nimeambiwa huku kuna Simba nimemkosa," akasema. "Basi huyu ndiye Simba." Mimi ni Yanga tangu tumboni.

Tulirudi Noah ikiwa na kijana, mimi, mama mkwe, Hamisi, shangazi na sufuria mpya, wanaume wawili waliokuwa wanakwenda Miyuji, na Simba, ambaye alikaa kiti cha mbele kwa sababu nyuma alikuwa anakula zabibu. Kijana akaniambia mbuzi hatanitoza. Ni ofa.

Jumapili mama mkwe akarudi Dar. Treni ya umeme haipakii mbuzi. Kijana wa mlangoni stesheni alimwangalia Simba, akaniangalia mimi, hakusema kitu, na mimi sikumlaumu. Mama mkwe akaniachia kamba mkononi kama mtu anayekabidhi ofisi.

Sasa kila jioni mtaa mzima wa Nkuhungu unanisikia naita, "Simba! Simba! Rudi nyumbani!" na jirani zangu, tawi zima la Msimbazi, wanatoka nje kuitikia. Kala mchicha wa mke wangu, kala soksi, kala ukurasa wa lile faili ambao nilikuwa nimeupeleka nyumbani kuumalizia. Hiyo ya mwisho tu ndiyo imenisaidia.

Jana mama mkwe kapiga simu. Siku hizi hasalimii mtu, anaanza na mbuzi. Akataka asikie sauti yake, nikamwekea simu mdomoni. Akasema sauti haina raha. Mnyama wa huku kazoea majabali, Jumamosi nimpeleke mlimani apunge upepo, na picha nimtumie.

Sikubisha. Nimempigia yule kijana wa Noah nimuulize bei. Akanyamaza kidogo, nasikia nyuma yake watu wanabishana habari ya nauli na kuku analia, kisha akauliza:

"Mzee, unataka ya binafsi?"